Wa Kitgum Kumi na Wanane

Kibuli, Kampala
8 Februari 1976

Kwa Dada Salme,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Huku sote wazima. Mama goti linamsumbua lakini sauti haijapungua hata kidogo. Juzi alimkaripia mwadhini kwa kuchelewa, na mwadhini akaomba radhi. Sabuni ulizompa Bi Awiti zilifika zote sita. Mama ameficha nne, mbili tunatumia. Sukari sijaiona tangu Idi ya kuchinja. Chumvi inauzwa kwa kijiko. Shemeji na watoto nawasalimu sana.

Umeniuliza kazi yangu ni nini hasa, kwa kuwa Bi Awiti amekuambia nalea majani yanayokula nzi nawe ukadhani anakutania. Ni kweli, dada. Ni majani madogo, hayazidi urefu wa kidole. Kila jani lina vinywele vyekundu, na kila kinywele kimeshika tone linalong'aa kama umande, ila linanata. Nzi akitua haondoki. Jani humkunjia taratibu, na baada ya siku chache unaona mabawa tu. Mwaka wa kwanza nilikuwa siwezi kula mchana kwa ajili yake. Sasa nimezoea.

Mume wa Bi Awiti, Daktari Erinayo, aliyachimba mwenyewe katika vinamasi. Mengine ni ya Nabugabo, huko Masaka. Mengine ya milima ya Kigezi, na mengine ya kaskazini, nyuma ya Kitgum, ambako maji huchuruzika juu ya mwamba. Vitabu vinasema yote ni aina moja. Daktari anataka kujua hivi: ukiyalea pamoja, udongo mmoja, maji yale yale ya mvua, jua lile lile, yatafanana? Huu ni mwaka wa saba na hayajafanana. Wa Nabugabo bado wafupi, wekundu, wamelala chini kama visahani. Wa Kigezi wanarefuka, wana ukijani, na wavivu wa kujikunja. Wa Kitgum kiangazi kikija wanakauka mpaka chini, unasema basi wamekwisha, halafu mvua inanyesha na wanachipua kutoka mzizini. Wengine hawachipui. Daftari naandika mimi, kwa Kiswahili, maana Daktari alishakisoma Kiingereza changu akaniomba niache.

Jambo moja limenichafua moyo. Tumeletewa msimamizi wa bustani ya chuo anachofundisha Daktari, mwanajeshi, Kapteni Fadhul. Siku ya kwanza tu alitema mate ndani ya chungu cha Kigezi aone kama jani litajikunja. Akacheka sana. Daktari alichukua kitambaa akapangusa jani moja moja mbele yake. Nilitamani asingefanya vile.

Mdogo wako,
Tajudin


Kisumu, Kaloleni
2 Machi 1976

Tajudin ndugu yangu,

Wa alaykum salaam. Barua imefika nasi tumeifurahia. Shemeji yako amerudi kushona baada ya homa. Mtoto wa mwisho ameota meno mawili na anamng'ata kila mtu. Mwambie Mama nimepata dawa ya kuchua, itakuja na Bi Awiti akija kuona wazazi wake.

Barua yako niliwasomea walimu wenzangu shuleni, tukacheka mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Majani ni "ya", Tajudin! Yamekauka, yamechipua, yamekwisha. Wewe unaandika "wa Kitgum wamekwisha" kama unatangaza msiba. Kampala imekula ngeli zako zote. Mtu akiokota hilo daftari lako atadhani umeandika habari za watu.

Lakini habari ya mate imenitia kichefuchefu. Mtu mzima, mwenye vyeo begani! Mwambie Daktari asishindane na mtu wa namna hiyo. Kile kitambaa hakikuwa na haja.

Dada yako,
Salme


Kibuli, Kampala
25 Aprili 1976

Kwa Dada Salme,

Assalaam alaykum, shikamoo. Sisi wazima, tunashukuru. Mama mzima. Goti ni lile lile. Mvua imeanza vizuri. Ndizi zinapatikana soko la Kalerwe ukiwahi asubuhi. Salamu kwa shemeji, salamu kwa watoto, salamu kwa walimu wenzako.

Daktari amesafiri.

Nyumba ya vioo ya chuo, tulimokuwa tunayalea majani, imefungwa. Majani yamehamishiwa Kololo, nyumbani kwa Kapteni, nyumba aliyoiacha Mhindi mmoja alipofukuzwa. Yamepangwa barazani. Nami nimehamishwa pamoja nayo. Nina kibali cha kupita getini.

Ijumaa nilipewa kilo mbili za sukari nipeleke nyumbani. Mama aliniuliza imetoka wapi. Nilipomwambia, aliibeba mwenyewe na goti lake lile mpaka nyuma ya choo, akaimwaga. Alisimama pale akitazama sisimizi wakija. Kisha akaniambia ninawe mikono kabla ya kugusa sufuria yake.

Sina jingine.
Tajudin


Kisumu, Kaloleni
15 Mei 1976

Tajudin,

Salamu zako nimezipokea, ni nyingi kuliko kawaida yako. Watoto wazima. Shemeji yako anakusalimu.

Amesafiri kwenda wapi? Mtu akisafiri huenda mahali. Nimemwandikia Bi Awiti barua mbili na hajibu, yeye ambaye hujibu hata kadi ya Idi. Na wewe sasa unaandika "yamehamishiwa", "yamepangwa", kila ngeli mahali pake. Nimekusahihisha tangu ukiwa na miaka sita na hukuwahi kunisikia. Nani amekufundisha ghafla?

Mama hamwagi sukari bure. Nijibu.

Salme


Kibuli, Kampala
27 Juni 1976

Kwa Dada Salme,

Assalaam alaykum. Mama anakusalimu. Haongei nami sana siku hizi, ila salamu zako amenipa.

Uliuliza mambo. Barua siku hizi zinafika zikiwa na gundi mara mbili, ya mwandishi na ya mtu mwingine, kwa hiyo nitakuandikia habari za majani tu.

Majani yanaoza. Haya hayataki udongo wenye rutuba wala maji ya bomba. Yanataka maji ya mvua na njaa, ndivyo yalivyoumbwa. Kapteni anayapa nyama. Jumamosi anakuja na wageni wake, mafuta mingi wote, wale waliogawiwa maduka ya watu wakawa matajiri kwa wiki moja. Wanakaa barazani na sahani za mbuzi wa kuchoma mapajani. Kapteni anakata kipande chenye mafuta, anakibandika juu ya jani, anasema, "Tazameni, huyu wa Kigezi, hajui kukataa!" Wanacheka, mafuta yanawatiririka mpaka viwikoni. Bibi mmoja aligusisha ukucha wake uliopakwa rangi juu ya jani, akapiga kelele lilipomnata, akajipangusa kwenye shati langu. Shati nililolivaa mimi, dada.

Jumatatu nyama imegeuka kijani na jani limegeuka jeusi. Napita na kijiti nakwangua. Harufu inaingia kwenye nywele. Nakoga mara mbili na bado Mama anasogeza mkeka wake nikikaa. Kati ya vyungu sitini vimebaki kumi na vinne. Kapteni anasema mimi ndiye mzembe.

Hayo ndiyo majani.

Tajudin


Kisumu, Kaloleni
29 Agosti 1976

Tajudin,

Barua hii haikupita posta. Imeletwa na Hindu, yule mama wa vitenge wa Busia, naye atasubiri jibu lako hata kama ni miezi miwili. Kwa hiyo gundi si kisingizio tena.

Mama mpe salamu zangu kabla hujaendelea kusoma.

Bi Awiti yuko kwangu. Alikuja mwezi wa saba, Wakenya walipoanza kuwindwa huko kwenu, na watoto wawili na mfuko mmoja. Walivuka mpaka kwa miguu. Nimemwazima nguo zangu, maana aliyokuja nayo ilikuwa hiyo moja. Anakaa kwangu na si kwa wazazi wake Ahero kwa sababu kituo cha basi kiko karibu. Kila asubuhi anakwenda kutazama basi la kutoka Busia linashusha nani.

Ameniambia yote anayoyajua. Kwamba Jumapili ya Matawi walikuwa wanatoka kanisani, watoto wana makuti mikononi, na gari lilikuwa linawangoja. Kwamba mmoja wa watu waliomchukua Daktari alikuwa na daftari kwapani, daftari la kazini. Kwamba yeye Awiti alizunguka ofisi zao wiki nne akiuliza, mpaka karani mmoja akamhurumia, au akamchoka, akamwambia, "Mama, rudi nyumbani. Mfanyakazi wake mwenyewe aliulizwa na hakumtetea."

Mfanyakazi wake alikuwa mmoja tu.

Tangu hapo nampikia, nalala chumba cha pili kutoka chake, na sijamwambia nilichofikiri. Hajui avae nguo za msiba au asivae. Mkubwa wake, ana miaka tisa, ananiuliza kama baba yao anaijua njia ya kuja hapa.

Uliulizwa nini, Tajudin? Na ulijibu nini?

Salme


Kibuli, Kampala
30 Oktoba 1976

Dada Salme,

Hindu amekuja mara tatu na mara tatu nimejificha. Leo Mama alimkaribisha ndani, akamkalisha mlangoni, akaniambia hatanipikia mpaka niandike. Hajui unaniuliza nini. Nadhani anajua.

Tarehe nane Aprili walikuja nyumba ya vioo wakachukua daftari. Tarehe kumi walinichukua mimi, mchana, saa ya chakula. Walinipeleka kwenye jengo ambalo sitalitaja. Kulikuwa na meza, Kapteni Fadhul, na mtu mwingine mzee kidogo, mpole, aliyenipa kiti. Ukumbini kulikuwa na ndoo, na mtu alikuwa anadeki. Maji ya ndoo sitakuandikia yalikuwa rangi gani. Kiatu changu kiliteleza. Mpaka leo nikikivaa nausikia ule utelezi.

Yule mzee alifungua daftari akasoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu. "Wa Kitgum, kumi na wanane wamekufa. Wa Kitgum, wanne wamepelekwa Nairobi, wamefika salama. Wa Kigezi wako vizuri, wanangoja mvua." Watu wa Kitgum ndio wanaowindwa na jeshi, dada. Akaniuliza, "Hawa ni kina nani?"

Nikasema, "Afande, hayo ni majani. Wale wanne Daktari alimtumia mwalimu mwenzake wa Nairobi. Ni majani ya kinamasi."

Akasema, "Majani ni ya. Mimi nimejifunza Kiswahili jeshini, na hata mimi najua hilo."

Nikamwambia ni makosa yangu, ni Kiswahili cha mtaani. Ndipo alipotoa karatasi katikati ya daftari. Hili ndilo sikutaka kukuandikia, dada, na kwa ajili yake nimekaa kimya miezi hii yote, au ndivyo nilivyojidanganya. Ilikuwa barua yako ya Machi. Nilikuwa naitumia kushikia ukurasa. Akasoma, "Mtu akiokota hilo daftari lako atadhani umeandika habari za watu." Akaiweka mezani. Akasema, "Dada yako mwalimu ameona. Wewe huoni?"

Kapteni alikuwa anakula karanga.

Yule mzee akaniuliza mara ya mwisho, kwa upole ule ule. "Tajudin, hawa ni watu au ni majani?" Nilisikia ndoo ikisogezwa ukumbini. Nikasema, "Sijui, afande. Mimi naandika ninavyoambiwa."

Ni uongo. Daktari hakuwahi kuniambia niandike neno lolote. Alikuwa anasema "yamekauka", mimi naandika "wamekufa", kwa sababu nilikuwa nimezoea kuyahesabu kila asubuhi na kuyapenda. Sikupigwa. Sikuguswa hata kidole. Walinipa chai yenye sukari nikainywa yote, mpaka ile iliyobaki chini ya kikombe. Kesho yake, Jumapili ile, walimchukua Daktari.

Usifikiri walikosea. Mwezi wa tano nilikuwa nakwangua nyama barazani, Kapteni akaja na kikombe chake akasimama nyuma yangu. Akasema, "Unadhani mimi sijui jani na mtu? Bwana wako alinipangusia mate yangu mbele ya watu. Nilihitaji mtu mmoja tu aseme sijui." Akanipigapiga begani. Gari la Daktari, lile Peugeot jeupe, sasa analiendesha yeye. Kiti cha mtoto bado kimo nyuma.

Sasa nakuandikia la Bi Awiti, umsomee au umpe asome mwenyewe. Asiende tena kituo cha basi.

Mwishoni mwa mwezi wa tano Kapteni alinituma na dereva tukachimbe udongo wa kinamasi, maana nilimwambia majani yanakufa kwa udongo wa bustani. Tulikwenda barabara ya Jinja, msituni, tukakata kulia baada ya daraja dogo. Tuliyaona magunia ya nzi kabla ya kuona kitu kingine. Naita magunia kwa sababu sina neno lingine. Watu waliouawa walikuwa wengi mle. Daktari nilimjua kwa sweta la kijivu alilofumiwa na Bi Awiti, lenye kifungo kimoja cha bluu katikati ya vyeusi. Uso sikuutazama. Mikono yake niliiona.

Dereva alisema, "Chimba haraka, twende." Nikachimba. Hatua thelathini kutoka alipolala nilijaza ndoo nne za udongo, nikazipakia, nikarudi Kololo, nikapandia majani yale. Sikumfunika hata kwa tawi. Jumamosi ile wageni walikuja kama kawaida.

Vyungu vyote vimekufa sasa. Vya mwisho vilikuwa vya Nabugabo, vilikwisha wiki hii. Kapteni ameamuru vitupwe, na mimi sina kazi tena kule. Nimekaa nyumbani. Mama hajaniuliza kwa nini.

Nifanyeje?

Tajudin


Kisumu, Kaloleni
28 Novemba 1976

Tajudin,

Mama mpe mkono wangu. Hindu atakuja naye Kisumu wiki ijayo, nimeshakubaliana naye. Mfungie dawa yake ya goti kwenye kitambaa, si kwenye chupa, maana mpakani wanavunja chupa.

Barua yako ilikaa kwangu siku tatu ndani ya unga. Siku ya kwanza nilitaka kuichoma. Siku ya pili niligundua kwamba habari za barua yangu ya Machi zimekaa kwenye karatasi moja peke yake, na kwamba nikiiondoa hiyo, karatasi nyingine zinasomeka vizuri tu bila yake. Niliiondoa. Nikaiweka chini ya godoro, nikaenda shuleni, nikafundisha ngeli darasa la nne. Katikati ya somo niliweka chaki nikatoka nje, watoto wakinitazama dirishani. Niliporudi nyumbani niliirudisha mahali pake.

Nilimpa Bi Awiti karatasi zote. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni, mara moja tu, hakurudia. Nilikuwa nimejiandaa kumshika akianguka. Hakuanguka. Aliniuliza, "Huyu ndugu yako ana watoto?"

Nikasema hana.

Akasema, "Afadhali."

Nilifungua mdomo nikutetee. Nilikuwa na maneno, kwamba ulikuwa na hofu, kwamba hata angekuwa nani angesema vile vile. Nikamwona anakunja kwanza ile karatasi yenye habari za barua yangu, kisha nyingine, akizilinganisha kingo zake vizuri. Akasema, "Barua hii naichukua. Wanangu wakikua watataka kujua baba yao alifia neno gani." Nikasema ichukue.

Akawaita watoto ndani akafunga mlango. Sikusikia kilio. Nilisikia mkubwa akiuliza swali moja, na sauti ya mama yake ikijibu kwa muda mrefu.

Alasiri ile ile kaka yake alikuja kutoka Ahero akawachukua. Huko watafanya msiba bila maiti, nguo za msiba amekwisha kuvaa. Sikualikwa, nami nilijua nisiende. Alinishukuru kwa chakula, mbele ya kaka yake, kwa adabu, kama mtu anayeshukuru hotelini.

Unauliza ufanyeje. Lete Mama mpaka Busia. Ukitaka kuvuka naye, vuka, chumba cha nyuma kipo na mimi siwezi kumfungia mlango mtoto wa mama yangu. Lakini hutakaa hapa bila kwenda Ahero, na mimi nitakwenda nawe, na kila mmoja wetu atasema lake kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya ndugu za Awiti. Wakitutemea mate, tutapangusa sisi wenyewe.

Nguo nilizomwazima ameziacha kitandani. Amezifua, amezipiga pasi, amezikunja. Zimekaa pale wiki mbili sasa na siwezi kuzivaa.

Ni mimi dada yako, hilo halina dawa,
Salme